Waliofunguliwa Kamba

Tarehe 3 Juni 1886 ilikuwa Alhamisi, sikukuu ya Kupaa Bwana. Huko Namugongo, Buganda, vijana waliokuwa watumishi wa ikulu ya Kabaka Mwanga walizungushiwa mikeka ya matete, wakapangwa juu ya kuni, moto ukawashwa. Kiongozi wao, Karoli Lwanga, alikuwa ametangulia kuchomwa kando, peke yake, kwa moto wa polepole. Mkatoliki wa Afrika Mashariki husikia kisa hiki tangu mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Anamjua Kizito, mtoto wa miaka kama 14. Anamjua Mbaga Tuzinde, aliyelelewa na Mukajanga, mkuu wa wauaji, akakataa kuikana imani hata jamaa zake walipombembeleza. Lakini wapo watatu ambao wengi wetu hatukufundishwa majina yao: Denis Kamyuka, Simeon Ssebuta na Charles Werabe. Walihukumiwa pamoja na wenzao, wakafungwa kama wenzao, wakakaa nao Namugongo karibu juma zima kuni zikikusanywa. Dakika za mwisho Mukajanga akawatenga. Wakaachwa hai, na wakaona yote.

Mengi tunayoyasoma leo kuhusu saa zile za mwisho yametufikia kwa sababu Kamyuka aliishi akasimulia. Benedikto wa 15 alipowatangaza Wakatoliki 22 wa Uganda kuwa wenye heri mwaka 1920, na Paulo wa 6 alipowatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, nyuma ya majina yale 22 palikuwa na maneno ya watu walioponea chupuchupu. Bila wao tungekuwa na majivu tu.

Watatu hawa hawajanitoka akilini tangu Desemba 2023, kwa sababu ya Katesh.

Jumapili ya tarehe 3 Desemba mwaka ule ilikuwa Dominika ya kwanza ya Majilio. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Alfajiri, watu wengine wakiwa bado kitandani na wengine wakijiandaa kwa Misa ya kwanza, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Wataalamu wa miamba walieleza baadaye kwamba haikuwa volkano, kama uvumi ulivyokuwa umeanza kusema. Miamba dhaifu ya mlimani ilinyonya maji mpaka ikazidiwa na uzito wake, ikakatika, ikashuka na tope, mawe na magogo kufuata mikondo ya vijito mpaka Gendabi, Jorodom na katikati ya mji wa Katesh. Nyumba zilizokuwa na watu waliolala zikabebwa. Waliokufa walihesabiwa 89. Majeruhi walizidi mia moja, na familia zilizopoteza kila kitu zikapelekwa kwenye madarasa ya shule zilizogeuzwa kambi. Baadaye Serikali na wadau wakajenga nyumba zaidi ya mia moja huko Waret, na ni kazi ya kushukuriwa.

Nyumba mpya ina bati, na bati lina sauti yake mvua ikianza. Mtu aliyeokolewa kutoka kwenye tope usiku wa mvua anaweza kupewa nyumba imara, mahali salama, na bado mvua ya kwanza ya masika ikamkuta amekaa kitandani, amevaa viatu, mtoto amemfunga mgongoni. Wanaowahudumia watu wa aina hii huiita hali hiyo kiwewe. Mwili umejifunza kitu kimoja katika dakika chache na unakataa kusahau. Mchana mtu yule yule anauza nyanya sokoni, anacheka na wateja, anadai chenji. Wewe ukimwona utasema amepona.

Swali langu ni hili: mfiadini aliyekufa Buganda miaka mingi iliyopita ana nini cha kumpa mtu huyo?

Naliuliza kwa sababu jibu la haraka linapatikana kila kona, na jibu lile mara nyingi linaumiza. Katika Jimbo la Mbulu, kama katika majimbo mengine ya Tanzania, waumini wamegawanyika katika jumuiya ndogondogo, na kila jumuiya ina msimamizi wake. Utakuta Jumuiya ya Mtakatifu Kizito, ya Mtakatifu Karoli Lwanga, ya Mwenyeheri Anuarite. Watu husali rozari chini ya msimamizi huyo, watoto hubatizwa kwa jina lake, na akifa mtu, ni jumuiya inayofika kwanza na masufuria na maturubai. Basi maafa yakitokea, watakatifu hao huitwa. Wapo wanaowaita vizuri. Wapo pia wanaosimama mbele ya mama aliyezika watoto, wakamwambia, mama, jipe moyo, mwangalie Mtakatifu Kizito, alikuwa mtoto lakini hakulia.

Mama yule ana haki ya kujibu kwamba Kizito aliulizwa. Alijua anakufa kwa ajili ya nini. Angeweza kusema neno moja akarudi nyumbani. Wanangu hawakuulizwa na mtu. Tope halimchukii Mkristo wala halimpendi. Halikuwadai imani yao, liliwakuta wamelala.

Jibu hilo ni kweli tupu, na Kanisa lenyewe linakubaliana nalo. Ili mtu aitwe mfiadini lazima awepo aliyemuua kwa kuichukia imani, na yeye mwenyewe awe ameipokea kwa hiari ile mauti. Waliokufa Katesh hatuwaiti wafiadini. Tukiwaita hivyo ili kupunguza makali ya msiba, tutawadanganya wafiwa, na mfiwa aliyedanganywa huja kugundua baadaye, saa nane za usiku, akiwa hana wa kumweleza.

Yapo maneno mengine mawili ambayo hayakosi kwenye matanga yetu: kazi ya Mungu haina makosa, na sisi tulimpenda lakini Mungu amempenda zaidi. Siyadharau. Yamewasaidia wengi kusimama kaburini miguu ikitetemeka. Lakini kwa mtu aliyemshika mtoto wake mkono tope likamnyang'anya, kuambiwa kwamba hiyo ilikuwa kazi isiyo na makosa ni kuambiwa kwamba mkono ule ulikuwa wa Mungu. Wengine huenda mbali zaidi, wakatafuta dhambi ya mji. Yesu mwenyewe aliwahi kutaja habari za mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, na katika Injili ya Luka anakataa waziwazi wazo la kwamba watu wale walikuwa wakosefu kuliko wenzao. Mhubiri anayeisoma Injili ile hana ruhusa ya kusimama Katesh na kusema vinginevyo.

Kwa hiyo faraja ya mfiadini, kama ipo, haimo katika kueleza kwa nini. Haimo pia katika ushujaa wake, kwa maana ushujaa wa mtu mwingine ukiwekwa mbele ya aliyevunjika huwa kipimo kingine cha kumwonyesha alivyopungukiwa. Nadhani imo mahali ambapo mahubiri yetu hayafiki mara kwa mara: katika mwili wa mfiadini, na katika watu aliowaacha.

Matiya Mulumba Kalemba alikuwa mtu mzima, hakimu, mwenye mke na watoto. Mwishoni mwa Mei 1886, alipokuwa anapelekwa Namugongo, alikataa kuendelea na safari, wakamuulia palepale njiani, mahali panapoitwa leo Kampala ya zamani. Walimkata mikono na miguu, wakamchuna vipande vya nyama, wakafunga mishipa ili damu isimtoke upesi, wakamwacha juani. Watu waliokwenda kukata matete kilimani walimsikia siku mbili au tatu baadaye. Alikuwa hai. Alikuwa anaomba maji. Walipomwona alivyo, wakakimbia.

Nimeirudia sehemu hiyo ya wale wakata matete mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya kisa hiki. Hawakuwa watu wabaya. Hawakumkata wao. Waliona kitu kinachozidi uwezo wa macho ya binadamu, miguu ikawatoa pale. Kila aliyenusurika katika jambo kubwa anawafahamu wakata matete. Ni jirani anayebadilisha njia ili asikutane nawe. Ni shangazi anayekukatiza, tusiyazungumze hayo, yamepita. Ni rafiki anayekuja na unga, mafuta na sukari, anaviweka mlangoni, anasema ana haraka. Unaomba maji, watu wanakimbia, na hawakimbii kwa chuki.

Sasa, Kanisa lilifanya nini na mtu yule aliyekimbiwa? Lilimweka kwenye kalenda. Lilisema, huyu, akiwa katika hali hiyo hiyo ya kutisha, ndiye tutakayemtazama, tutamtaja kwa jina, na watoto wetu wataitwa Matiya. Mtu wa Katesh mwenye picha kichwani ambazo hawezi kumwonyesha mtu anaweza kupiga magoti mbele ya Kalemba akiwa na uhakika wa jambo moja: huyu hatashtuka. Hakuna atakachomsimulia kitakachomfanya huyu akimbie. Kwangu mimi huo ni msaada wa kweli, na hauhitaji kwanza kujua kwa nini mlima uliporomoka.

Anuarite naye tumsikilize kwa utulivu, maana kwake kuna hatari nyingine. Marie-Clémentine Anuarite Nengapeta alizaliwa Wamba, Kongo ya mashariki, mwaka 1939, akawa mtawa wa Jamaa Takatifu huko Bafwabaka. Tarehe 29 Novemba 1964 waasi wa Simba waliichukua jumuiya nzima ya masista, wakaifikisha Isiro. Usiku ule wa kuamkia tarehe 1 Desemba ofisa mmoja alimtaka Anuarite awe mke wake au wa mwenzake, akakataa. Alipigwa, akachomwa visu vya bunduki, akapigwa risasi, na kabla ya kuzimia alimwambia muuaji wake kwamba amemsamehe. Mwili wake ulitupwa katika kaburi la wengi. Ulipofukuliwa miezi kadhaa baadaye, mojawapo ya vitu vilivyosaidia kumtambua ni sanamu ndogo ya Bikira Maria aliyokuwa nayo mfukoni. Watu wa Katesh waliopita kwenye safu za miili wakitafuta kitenge wanachokijua, pete, kovu la goti, wanaelewa uzito wa sanamu ile kuliko mwanateolojia yeyote. Yohane Paulo wa 2 alimtangaza mwenyeheri Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985, na siku ile ile Papa akatamka msamaha kwa aliyemuua.

Hatari niliyoitaja ni hii. Anuarite huhubiriwa kama bikira aliyechagua kufa kuliko kunajisiwa. Sasa fikiria benchi la kanisa ambalo ameketi mwanamke aliyebakwa, akaishi. Katika vita vya Kongo wako wengi mno, na katika nyumba zetu za amani wako pia, hata kama hawasemi. Mwanamke yule akisikia mahubiri yale anaondoka na hitimisho moja: ningekuwa mtakatifu ningekufa. Hilo ni jeraha jipya juu ya lile la zamani, na limetiwa na sisi. Masista wengine waliokuwa Isiro usiku ule, akiwamo Sista Bokuma aliyepigwa hadi akavunjwa mkono, walibaki hai. Hakuna mahali Kanisa limesema hawa walipungukiwa. Ni wao walioeleza Anuarite alisema nini. Anayemhubiri Anuarite bila kuwataja masista waliookoka amehubiri nusu, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa inahitajika kwenye benchi lile.

Hapa ndipo ninapoona Katesh na Namugongo zikigusana. Maumivu ya aliyenusurika yana swali ambalo halipatikani kwa mfiwa wa kawaida: kwa nini mimi? Mume alitoka kwenda kufungua zizi, akarudi nyumba haipo. Dada alilala kwa jirani usiku ule. Mmoja alivutwa na mkono usiojulikana, mwenzake aliyekuwa ubavuni pake hakuvutwa. Hakuna stahili katika hayo, na akili ya binadamu haivumilii kitu kisicho na stahili, kwa hiyo inatengeneza hatia. Ningemwamsha mapema. Ningemkataza asirudi ndani. Kamyuka na wenzake wawili lazima walilibeba swali hilo maisha yao yote. Mukajanga aliwatoa wao, akawaacha wengine, na sababu zilikuwa kichwani mwa Mukajanga.

Polandi ilikuwa na mtu wa namna hiyo pia. Mwishoni mwa Julai 1941, katika kambi ya Auschwitz, mfungwa mmoja alitoroka, na Wajerumani wakachagua watu kumi wafe kwa njaa kulipia. Mmoja wao, Franciszek Gajowniczek, alilia akimtaja mke wake na watoto. Padre Maximilian Kolbe akatoka mstarini, akaomba afe badala yake, akakubaliwa. Alimalizwa kwa sindano ya sumu tarehe 14 Agosti. Gajowniczek aliokoka, akarudi, akakuta mke yu hai lakini wana wake wawili wameuawa kwa mabomu mwaka 1945. Watoto aliowalilia, ambao kwa ajili yao mtu mwingine alikufa, hawakuwepo. Sijui kama kuna kitendawili kigumu kuliko hicho. Aliishi mpaka mwaka 1995, akafa akiwa na miaka 93, na karibu muda wote huo alizunguka akisimulia habari za Kolbe. Mwaka 1982 Kolbe alipotangazwa mtakatifu, Gajowniczek alikuwapo Roma.

Hakupewa jibu. Alipewa kazi. Uhai ambao hakuustahili zaidi ya mwenzake aliutumia kulibeba jina la mwenzake. Ninaamini, na ninalisema kwa uzito wote, kwamba hiyo ndiyo faraja pekee ya kidini ambayo haimdanganyi aliyenusurika. Humwambii aliachwa kwa kuwa ana maana kuliko waliokufa. Unamwambia kwamba sasa kuna kitu ambacho hakuna mwingine anayeweza kukifanya, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwapo.

Watu wa Hanang hawahitaji kufundishwa thamani ya kumkumbuka marehemu. Wabarbaig humfanyia mzee mwenye heshima bung'eda, maziko ya miezi na miezi yenye tuta kubwa linalojengwa juu ya kaburi, ukoo mzima ukikusanyika. Kwao marehemu ana mahali, unaweza kunyoosha kidole ukasema yuko pale. Fikiria basi tope linafanya nini kwa watu wenye utamaduni huo, linapozika kabla hujazika wewe, mahali usipopachagua, usiku, bila mzee wa kusema neno. Kwa Wairaqw palikuwa na desturi nyingine: nyumba iliyopatwa na kifo cha aina fulani ilitengwa kwa muda, wenye nyumba hawakuchangamana na wenzao mpaka siku zitimie. Ilikuwa na hekima yake, ilimpa mfiwa muda bila kudaiwa tabasamu. Lakini katika msiba uliokumba mamia ya nyumba kwa asubuhi moja, kutengwa kunazaa upweke juu ya upweke.

Hapo ndipo jumuiya inapoweza kufanya kitu ambacho ofisi haiwezi. Nimekaa kwenye jumuiya nyingi katika nchi hii, na mwendo wake ni mmoja. Viti vya plastiki vinaazimwa kwa majirani. Mwenyekiti anasema Tumsifu Yesu Kristo, watu wanaitika Milele, Amina. Mshumaa unasimamishwa kwenye kisosi. Rozari inakwenda, watoto wanasinzia, na mwishoni inakuja litania. Mtakatifu Karoli Lwanga, utuombee. Mtakatifu Matiya Mulumba, utuombee. Mtakatifu Kizito, utuombee. Mtu aliyepoteza uwezo wa kusali, ambaye kila akianza sala yake mwenyewe anakutana na tope, anaweza kuitika neno hilo moja pamoja na wengine. Haimlazimu aseme anaamini nini kuhusu mlima. Haimlazimu awe amesamehe wala awe ameelewa. Sauti za wengine zinambeba kwa robo saa, na kwa robo saa hiyo yuko miongoni mwa watu, akiwataja wafu kwa majina, na hakuna anayekimbia.

Naomba lakini tusijidanganye kuhusu robo saa hiyo. Sala haitibu kila kitu kinachoitwa kiwewe. Mtu asiyelala wiki kadhaa, anayeona tope ukutani mchana, anayesema heri angekufa, anahitaji kupelekwa kwa mtaalamu, na anayempeleka hajapungukiwa imani. Baada ya maafa maofisa ustawi wa jamii walifika Katesh kutoa ushauri nasaha, jambo ambalo zamani lisingefikiriwa kabisa. Shida ni miaka inayofuata, kamera zikishaondoka, kwa sababu kiwewe mara nyingi huchelewa kujitokeza. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955, ina huduma ya afya ya akili. Watu wanaogopa kwenda huko kwa sababu ya jina la Mirembe, ile hospitali ya Dodoma ambayo tumeigeuza kuwa tusi la mtaani. Katekista akisema hadharani kwamba kumeza dawa ya usingizi aliyoandika daktari hakupingani na novena, atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko semina nzima.

Na kwa kuwa nimeitaja hospitali ya Walutheri, niseme na hili pia. Moto wa Namugongo ulichoma Wakatoliki na Waanglikana pamoja, na Papa Paulo wa 6 hakusahau kuwataja hao wa pili alipowatangaza watakatifu wale 22. Tope la Hanang nalo halikuuliza dini. Lilichukua watu wa kanisani na wa msikitini, na wale wanaoshika mila za wazee. Ibada kwa wafiadini ikitumiwa kujenga ukuta, mfiwa Mkatoliki akafarijiwa na jirani yake Mwislamu akapitwa mlango, itakuwa imeacha kufanana na jambo inalolikumbuka.

Huwa nasikia pia hoja kwamba haya yote ni njia ya kuwatuliza maskini wasiulize. Kwamba mtu akishampa mtakatifu machozi yake, hataiuliza halmashauri kwa nini nyumba zilijengwa kwenye mkondo wa maji, wala nani anauangalia msitu wa mlimani. Hoja hiyo ina haki ya kusikilizwa, kwa sababu imewahi kuwa kweli mahali pengi. Ila Karoli Lwanga ni mtu wa ajabu kumtumia kwa kazi hiyo. Alikufa kwa kumwambia mtawala hapana, na sehemu ya kisa chake ni kwamba aliwakinga watoto wa ikulu dhidi ya matakwa ya bwana wao. Anayempenda kijana huyo kwa dhati atafika kwenye mkutano wa kijiji akiwa na maswali: mvua zijazo tutaambiwaje mapema, na nani atatuamsha.

Sikukuu ya Anuarite ni tarehe 1 Desemba. Kumbukumbu ya Katesh ni tarehe 3. Nawaomba maparoko, makatekista na wenyeviti wa jumuiya za Hanang na Mbulu wazitumie siku hizo tatu kila mwaka. Yasomwe majina yote 89, ya Wakatoliki na ya wasio Wakatoliki, taratibu, na anayeyasoma awe mmoja wa waliookolewa kama yuko tayari, na kama hayuko tayari asisukumwe. Anayetaka kusimulia apewe muda mpaka amalize, hata kama chakula kinapoa. Kisha ikifika Februari, hakuna mgeni wala mwandishi wa habari mjini, mvua imeanza kupiga bati usiku, mmoja wenu avae koti lake aende akabishe hodi.